Maswali na Majibu: Mang'u na Mapadre wa Roho Mtakatifu

Kwa nini Shule ya Upili ya Mang'u, nchini Kenya, huhesabu umri wake tangu 1925?

Kwa sababu haikuanzia Mang'u. Padre Michael Witte wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika la Kanisa Katoliki, aliifungua Kabaa, Ukambani, mwaka wa 1925. Ilihamia Mang'u karibu na mwaka wa 1940 na kuitwa Holy Ghost College, kisha ikahama tena katika miaka ya 1970 hadi ilipo sasa, nje ya mji wa Thika.

Mapadre waliokuja kuhubiri Injili waliingiaje katika elimu ya sekondari?

Shirika hilo, lililoasisiwa Paris mwaka wa 1703, lilikuwa Bagamoyo tangu 1868 na Nairobi tangu 1899, lakini kwa miaka mingi shule zake zilifundisha hasa katekisimu, kusoma na kazi za mikono. Hali ilibadilika katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipozidisha ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali kukaguliwa. Mwaka wa 1926 makanisa ya Kiprotestanti yalifungua shule ya upili ya Alliance kule Kikuyu, na miaka miwili baadaye mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, akawahimiza wamisionari kwamba penye uhaba shule zitangulie hata majengo ya kanisa. Kwa maoni yangu, ushindani huo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti ulichangia si haba, ingawa vitabu vya kumbukumbu vya shule hupenda kutaja ari ya waasisi peke yake.

Je, shule bado ni ya shirika?

La. Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, Kanisa likabaki mfadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili uwakilishi katika bodi na usimamizi wa malezi ya kiroho, mradi aheshimu imani ya wanafunzi wa dini na madhehebu mengine. Migogoro mingi kati ya wafadhili na wakuu wa shule nchini hutokana na kusahau mipaka hiyo, na pande zote mbili husahau.

Ni kweli mwanasiasa Tom Mboya na Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, walisoma hapo?

Ni kweli, na vipindi vyao vilikaribiana sana. Kibaki aliingia 1947, akamaliza 1950 na kwenda Makerere. Mboya, aliyeingia 1946, aliondoka mapema kwa kukosa karo, akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya.