Mbuzi walikuwa wawili, na aliyebebeshwa dhambi hakuchinjwa

Hapana ndugu, unasema mbuzi wa Siku ya Upatanisho aliyewekewa mikono na kubebeshwa dhambi za Waisraeli alichinjwa, ila yule hakuchinjwa, aliachiwa mzima akaenda nyikani. Soma Walawi 16 taratibu, mbuzi ni wawili wanapigiwa kura, mmoja anachinjwa na damu yake kuhani mkuu Haruni anaingia nayo kwenye kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, mara moja tu kwa mwaka, wa pili ndo Haruni anamwekea mikono yote miwili kichwani anaungama makosa ya watu halafu anapelekwa mbali. Nafundisha kipaimara hapa Mwanga Kigoma, watoto nawawekea chikichi mbili kwenye kopo, chikichi moja nimeipaka mkaa, mmoja anachota bila kuchungulia, wakishaona hivyo hawachanganyi tena. Na sisi Wakristo hatuchinji mbuzi wa dhambi kwa sababu Waebrania 10 inasema damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi, Kristo alijitoa mara moja ikatosha, hilo ndo linanishika moyo kila Ijumaa Kuu. Ila huyo wa pili, ambaye kura yake ni ya Azazeli, makanisa hayasomi sawa, Wasabato wanasema ni mfano wa shetani, wengine tunaona mbuzi wote wawili wanamwonyesha Kristo.