Kuhusu wabunge wa muhula mmoja

Hapana ndugu yangu, hapo uliposema mbunge wa bunge la jimbo (state) kule Marekani aliyekaa muhula mmoja hana cha kukumbukwa sikubaliani na wewe kabisa. Mcheki Crystal Bird Fauset wa Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, huyu mama mwaka 1938 ndo alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuchaguliwa kuingia bunge la jimbo, nasema kuchaguliwa maana Minnie Buckingham Harper wa West Virginia alimtangulia 1928 ila yeye aliteuliwa kushika kiti cha mumewe aliyefariki. Na eneo la Fauset wapiga kura wengi walikuwa wazungu! Kampeni aliifanya sana kwa simu, anawapigia wanawake majumbani kuwaomba kura, enzi hizo hilo lilikuwa jambo jipya.

Bungeni Harrisburg, makao makuu ya Pennsylvania, akapeleka miswada ya afya, nyumba za maskini na haki za wanawake makazini. Hata muhula wenyewe hakumaliza, 1939 alijiuzulu akaenda WPA, ule mpango wa Rais Roosevelt wa kuwapa kazi waliokosa ajira, halafu 1941 akawa mshauri wa masuala ya wanegro (ndo neno lililotumika wakati huo) kwenye ofisi ya ulinzi wa raia.

Kinachonigusa mimi ni 1944, aliona chama chake cha Democratic kinawapuuza weusi akahama waziwazi akamuunga mkono Dewey, mgombea urais wa Republican, dhidi ya Roosevelt yuleyule, tena kwenye uchaguzi wenyewe. Wangapi wana ujasiri huo leo?