Usiweke dole gumba ukiwa bado kwa drip

Siku ya tatu hospitalini, mguu umefungwa umening'inizwa juu, akaja bwana mmoja na shati safi na begi la laptop. Akaniita mkubwa, akauliza kama nimekula, akaweka soda mbili na mkate pembeni ya kitanda. Halafu akatoa karatasi. Laki nane hapo hapo, keshi, kazi yangu ni kuweka dole gumba tu, katumwa na wenye trela lililonigonga.

Mimi nilikuwa kwa boda natoka Malaba naenda Tororo, hapa Uganda, trela likaovateki kwenye kona, basi, mengine mnayajua wenyewe mnaotumia hiyo barabara. Na nisiwadanganye, ile pesa niliitaka. Nyumbani hawana kitu, dawa nanunua nje, na yule bwana anaongea vizuri kama mchungaji. Dada yangu ndiye aliyeichukua karatasi akaisoma, Kiingereza kile chenye sentensi moja ndefu, maana yake nimelipwa kila kitu na sitadai tena maishani. Akaniambia, "Kaka, hata daktari hajui huo mguu utapona vipi, sasa wewe unauza nini?" Wiki mbili baadaye nikawekwa vyuma na hiyo bili peke yake ikazimeza zile laki nane na bado ikadai nyingine.

Kwa hiyo la kwanza ndio hilo, usisaini chochote ukiwa kitandani. Wakija wapokee, kula mkate wao, chukua namba ya simu, waambie utaongea ukishatoka.

La polisi sasa. Wengi tunangoja tupone ndio twende, na hapo ndipo kesi inakufia mkononi kabla hata hujaianza. Mtume mtu wako siku hiyo hiyo kama inawezekana. Kuna fomu ya polisi inaitwa PF3, daktari anaijaza kueleza umeumia wapi na kiasi gani, bila hiyo utahangaika. Kuna mchoro wa mahali pa ajali ambao trafiki anauchora, na ripoti ya mkaguzi wa magari anayeangalia breki na tairi za lori, hiyo ya mkaguzi ndiyo ilinisaidia sana kuliko mashahidi watano waliosema "lilikuja kama ndege". Dereva wa boda yangu, aliyevunjika mkono tu namshukuru Mungu, alikuwa na akili ya kupiga picha kwa simu. Alipiga namba plate ya kichwa na ya tela lenyewe, kwa sababu zile ni mbili tofauti, watu wanachukua moja tu. Akapiga na stika ya bima.

Lori lenyewe lilikuwa la Kenya, nikajua nimekwisha, nani atanivusha mpaka kudai bima kule? Kumbe malori yanayovuka yanabeba kadi ya njano ya COMESA, ule umoja wa biashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ni bima ya thadi pati, yaani ya kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa na gari, inayotambuliwa nchi kwa nchi, na madai unayafuatilia hapa hapa Uganda. Ila msishangilie mapema. Sheria yetu ya thadi pati ni ya mwaka 1989 na kiwango chake cha juu ni milioni 1 kwa mtu, milioni 10 kwa ajali nzima hata kama teksi imejaa. Milioni 1! Vyuma vyangu vilipita hapo. Ndiyo maana pesa yenyewe unaifuata kwa mwenye gari kortini, maana dereva akiwa kazini tajiri wake anajibu makosa yake. Usimkimbize dereva, dereva hana kitu kama wewe.

Na kitu kingine kilinichanganya, kesi ya polisi dhidi ya dereva sio kesi yako. Dereva akipigwa faini, faini inaenda serikalini, wewe unarudi nyumbani na magongo yako. Hakimu anaweza kuamuru ulipwe kidogo lakini usikae ukingojea hilo, fungua ya kwako. Muda ni miaka 3 tangu ulipoumia, na kama gari ni la serikali ni miaka 2 tu. Inaonekana mingi, mpaka uanze kutembea tena ndio utaona imekwenda wapi.

Wakili je? Ukitafuta kwenye simu utaona mawakili wa Marekani wanasema usipolipwa hatulipishi, wanachukua asilimia wakishinda. Kwetu sheria ya mawakili hairuhusu mkataba wa namna hiyo. Sasa kuna wale madalali wa kesi wa korido za hospitali, wanakuja na kadi, "tukishinda tunagawana nusu", mkimbie huyo. Mimi niliandikiana bei na wakili mama mmoja, nikalipa polepole, kila shilingi kwa risiti. Ukiwa huna kabisa, ulizia mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society, chama cha mawakili, au Justice Centres Uganda iliyo chini ya mahakama, wanawasaidia wasio na uwezo. Na wakili akikuchezea, kuna Law Council, baraza linalosimamia mawakili, unamshtaki huko.

Risiti jamani. Korti haikulipi gharama kwa huruma, kila ulichotumia lazima ukionyeshe. Dawa nilikuwa nazo zote kwenye bahasha. Boda za kwenda kliniki miezi saba, chakula cha dada, sikuandika popote, na tulipokaa kwa usuluhishi, maana korti inawapeleka huko kwanza kabla ya kusikilizwa, wakili wao aliniuliza swali moja tu, "karatasi iko wapi?" nikanyamaza. Tukaelewana, nikapata cha kutosha kumaliza madeni na kufungua tena kibanda, lakini hizo pesa za boda bado zinaniuma.

Kule hospitalini, kitanda cha pili alilala tanboi, yaani utingo, wa lori lingine la simenti, la kampuni ya hapa hapa, kiuno kimevunjika, anajilaumu eti alisinzia. Wakili wangu alipokuja kunitembelea akamwambia wewe umeumia kazini, tajiri wako anawajibika kukulipa hata kama hakuna aliyekosea, ila unatakiwa kumpa taarifa ndani ya mwezi 1, akikataa nenda kwa afisa wa leba wa wilaya. Siku hiyo ilikuwa ya ishirini na sita tangu aumie. Barua tukaiandika kwenye karatasi ya daftari la shule, yeye anasema mimi naandika, dada akapanda teksi akaipeleka, akarudi jioni na kopi imepigwa muhuri.