Barua kwa mwanangu aliye Maseno: kwa nini uende ukamsikie mwenyewe

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama kuna haja ya kuacha vipindi vya Ijumaa, utoke Maseno uende Kisumu kumsikia askofu akizungumza na wanafunzi, ilhali mahubiri yake yote unayo kwenye simu. Kisha, kwa utundu wako, ukanikumbusha kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwapakia watoto wa watu kwenye basi usiku wa manane kwenda kumwona Papa Fransisko, na nikarudi nikiwaambia kwamba pale nilipoketi alionekana mdogo kama kidole gumba. “Ulipata nini, Mama, ambacho sisi tuliobaki Nakuru na runinga hatukukipata?”

Nianze na mlichotushinda. Maneno yenyewe mliyasikia vizuri kuliko sisi. Ile Ijumaa, tarehe 27 Novemba 2015, Papa alikuwa ameandikiwa hotuba. Akaiweka kando, akaanza kuwajibu kwa Kihispania vijana wawili waliomuuliza maswali, na mkalimani akawa anageuza kwa Kiingereza. Sasa wewe fikiria uwanja wa Kasarani, Nairobi, umejaa, vipaza sauti vinajibizana, sentensi moja inakurudia kutoka upande wa pili wakati nyingine imeshaanza. Kicheko kilitufikia kwa awamu. Kuna mambo niliyoyaelewa sawasawa siku ya pili yake, niliposoma gazeti. Kwa hiyo mtu akikuambia uende kwa sababu ya maneno tu, mwambie akutumie video.

Ile habari ya sukari unaikumbuka, maana ulikuwa ukiwatania nayo wajomba zako. Alisema ufisadi ni kama sukari: ni mtamu, tunaupenda, ni rahisi, na mwishowe nchi nzima inaugua kisukari. Akakiri kwamba hata Vatikano kuna visa vya ufisadi. Hapo uwanja ulilipuka. Nadhani vijana hawakutarajia mkubwa wa kanisa aanze kufagia uani kwake. Alizungumza pia kuhusu vijana wanaosajiliwa na wenye msimamo mkali, na mwaka ule nani hakuwa na Garissa moyoni? Wanafunzi wa chuo kikuu, watu wa umri wako wa sasa, walikuwa wameuawa mwezi wa Aprili tu. Hakuanza na kulaani. Aliuliza kijana asiye na kazi wala nafasi ya kusoma atafanya nini.

Lakini hayo yote mliyaona sebuleni. Ngoja nikueleze la ukabila.

Alisema ukabila ni kuficha mikono nyuma ya mgongo, huku kila mkono umeshika jiwe la kumtupia mwenzako. Akasema dawa yake ni sikio, moyo na mkono: umsikilize mwenzako ujue kwa nini ana desturi zile, umfungulie moyo, kisha umpe mkono. Na hakuishia hapo. Akataka watu wasimame washikane mikono, uwanja mzima.

Wewe unajua basi letu lilibeba nani. Watoto wa YCS, chama cha wanafunzi Wakristo, kutoka Njoro, Molo, Kuresoi, na hawa wetu wa mjini. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, walikuwa shule ya msingi, madarasa ya chini. Wengine walilala kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho ya kilimo wa ASK. Wengine walitoka katika nyumba ambazo watu wake walisemekana ndio waliowafukuza wale wa mahemani. Darasani hatukuwahi kuligusa jambo hilo. Sisi walimu tuliliita “yale mambo” na kurudi haraka kwenye ubao. Mle ndani ya basi kulikuwa na wavulana wawili ambao toka Nakuru hadi Nairobi, kilomita kama mia moja na sitini, hawakutaka kukaa kiti kimoja. Sababu yao niliijua, na hata sasa sitaiandika.

Kasarani hukuchagua jirani. Ulisukumwa, ukajikuta ulipojikuta. Hao wawili walijikuta bega kwa bega, na Papa anasema shikaneni. Nikawatazama. Walishikana, kwa vidole zaidi kuliko kwa viganja, kila mmoja akiangalia mbele kama askari wa gwaride. Tulipoambiwa tukae, mmoja alijifuta mkono kwenye suruali. Hakuna aliyelia, na wala sidhani walikuja kuwa marafiki.

Ila tulipokuwa tunarudi, tumeshaipita Naivasha, msichana mmoja wa kiti cha nyuma akauliza kwa sauti: “Mwalimu, ule mwaka wa vita, nyinyi mlikuwa wapi?” Basi zima likanyamaza, hata dereva akapunguza redio. Nikajibu. Nikawaambia tulivyojifungia, jirani aliyetupitishia unga juu ya ua, na yule mwingine aliyeonyesha watu kwa kidole mlango wa nani ni upi. Kisha mwingine akaongea, na mwingine. Kufika Gilgil walikuwa wanaulizana wenyewe, wengine kwa hasira. Mmoja wa wale wavulana alisimulia jinsi walivyoondoka nyumbani na ng'ombe mmoja. Mwenzake alisikiliza. Hakusema kitu, lakini alisikiliza.

Hilo, mwanangu, ndilo runinga haikuwapa. Kwenye simu unamsikia yeye peke yake. Ukienda, unamsikia mbele ya watu ambao wamekuona ukisikia. Kesho yake huwezi kujifanya hukuambiwa, maana aliyekuwa kando yako alikuwepo na anajua.

Usifikiri nakupamba habari. Mwaka 2017 ulipofika, uchaguzi ukafutwa na kurudiwa, na ndimi zilezile zikatoka tena, hata kwa baadhi ya waliokuwa kwenye lile basi. Niliona walichokuwa wakiandika. Babu yako aliniambia hakushangaa. Yeye alimsikia Askofu Ndingi, aliyekuwa askofu wetu hapa Nakuru, mara nyingi kabla hajapelekwa Nairobi mwaka 1996, ile miaka ya mapigano ya kikabila ya Molo, wakati kuyataja mambo hayo hadharani kulihitaji moyo. Watu walimsikiliza, wakampenda, na 2008 ikaja vilevile. Nikamuuliza, basi ilisaidia nini? Akasema wale waliofungua milango yao kuwaficha wenzao, yeye anawajua wengi wao walikuwa wakiketi wapi kanisani. Hiyo si hesabu ya kupeleka kwa mhadhiri wako, najua.

Kuna jambo jingine dogo. Karibu na mwisho, Papa alisema mfukoni hubeba vitu viwili: rozari, na kitu kidogo cha Njia ya Msalaba, ambacho alikiita hadithi ya kushindwa kwa Mungu. Akasema kwa vitu hivyo viwili hapotezi matumaini. Nilipokuwa pale sikukiona chochote, alikuwa mbali mno. Nilikuja kukiona kwenye picha. Lakini aliposema neno “kushindwa” niliona wale watoto wa Kuresoi wakinyanyua vichwa. Alipofariki, ile Jumatatu ya Pasaka mwaka 2025, ujumbe wa kwanza niliopokea ulitoka kwa mmoja wao, mama wa mtoto sasa. Aliandika tu: “Mwalimu, yule wa mfukoni ametuacha.”

Basi nenda. Usihangaike kupata kiti cha mbele, wala usikae umeinua simu saa nzima, picha utazipata kwa wenzako. Na usiende na wale marafiki zako mnaokubaliana kila kitu. Uliniandikia kwamba wewe na yule mnayeishi naye chumba kimoja hamsemezani tangu uchaguzi wa chama cha wanafunzi. Mwambie mwende pamoja. Akikataa, umemwambia. Nimekutumia nauli ya watu wawili kwa M-Pesa, na ya chakula humo humo. Zikibaki usizile, nunua kile kitabu ulichokuwa unalilia.

Huyo mhadhiri wa Ijumaa asubuhi umwombe ruhusa kabla, si baada. Dada yako anasema umrudishie chaja yake.

Mama yako,
Nakuru