Ofisa unayetaka kufundisha chuo kikuu, anza kabla hujavua magwanda

Maofisa huja kuniona mara kwa mara, wengi wakiwa meja au luteni kanali waliobakiza muda mfupi wastaafu. Swali lao ni lilelile: "Afande, nifanyeje nami nifundishe chuo kikuu?" Jibu langu huwakera. Nawaambia wamechelewa kidogo, na kwamba baadhi ya tabia zilizowapandisha vyeo ndizo zitakazowasumbua huko wanakotaka kwenda.

Tuanze na hesabu ya miaka. Majeshi mengi humstaafisha ofisa kwa umri wa cheo chake, meja akitangulia kutoka na jenerali akibaki zaidi. Kwa hiyo wengi wetu tunatoka tukiwa na nguvu zetu, na kama afya ikiruhusu, kazi ya pili inaweza kuwa ndefu kuliko ya kwanza. Tatizo ni kwamba chuo kikuu nacho kina ngazi zake, na cheo cha jeshini hakikurukishi hata moja. Uzamivu, yaani shahada ya udaktari, peke yake hula miaka mitatu hadi sita. Baada ya hapo kuna mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa, na kila ngazi inadai machapisho. Anayesubiri sherehe ya kuagwa ndipo aombe nafasi ya kusoma atafundisha, sawa, lakini uprofesa atausikia kwa wengine.

Andrew Bacevich ni mfano ninaopenda kuutaja. Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1969, akaenda vitani Vietnam, kisha akachukua uzamivu Chuo Kikuu cha Princeton akiwa bado ofisa wa jeshi la Marekani. Alipostaafu akiwa kanali, shahada ilikuwa mkononi, akaishia kuwa profesa Chuo Kikuu cha Boston. Mimi pia nilisoma nikiwa kazini, usiku na wakati wa likizo, wenzangu wa mesi wakiniuliza kama nataka kuwa padri. Ukiwa na mwenza, mweleze mapema. Amekuvumilia kwenye uhamisho na operesheni, na sasa unamletea mtu anayekaa nyumbani lakini haongei.

Kuhusu mada ya utafiti, tafuta mahali ambapo ujuzi wako wa kijeshi unafungua mlango ambao msomi wa kawaida hauoni. Yigael Yadin alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Israeli kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, akaacha jeshi akiwa na umri wa miaka 35 tu, akarudi kwenye akiolojia. Alifanyia kazi mojawapo ya magombo ya kale ya Bahari ya Chumvi, lile linaloeleza vita ya wana wa nuru dhidi ya wana wa giza. Wataalamu wa lugha walikuwa wanaliweza gombo lile kama maandishi. Yeye alipoona maelezo ya ngao, mikuki na mistari ya askari, aliyasoma kama mtu aliyewahi kupanga vikosi. Baadaye akaongoza uchimbaji wa Masada, ngome ya kale huko Israeli, mwaka 1963 hadi 1965. Hakuandika kumbukumbu zake za vita na kuziita utafiti, na hilo ndilo kosa ninaloliona sana kwenye mapendekezo yanayofika mezani kwangu.

Sasa uandishi. Hapa ndipo maofisa wazuri wanapolia. Meja mmoja niliyemsimamia aliniletea sura ya kwanza ya tasnifu ikiwa imepangwa kama amri ya operesheni: hali, kazi, utekelezaji, utawala na ugavi, amri na mawasiliano. Aya zote zilikuwa na namba, 1, kisha a, kisha i. Sentensi fupi, safi, hakuna neno la ziada. Ingekuwa makao makuu ya brigedi ningempa mkono. Lakini katika kurasa zote zile hapakuwa na rejeo hata moja. Nilipomuuliza amejuaje kwamba ugavi ndio uliokwamisha operesheni ile, alinijibu, "Afande, nilikuwepo." Jeshini jibu hilo linatosha, kwa sababu taarifa inabebwa na cheo cha aliyeileta. Chuoni wewe ni shahidi mmoja, na shahidi mwenye maslahi. Ilituchukua muda mrefu, lakini alipoelewa kwamba msomaji ana haki ya kutomwamini, maandishi yake yalibadilika kabisa. Ule ufupi wa kijeshi tuliuacha ubaki. Wasomi wengi wangefaidika wakilazimishwa kuandika amri za operesheni walau muhula mmoja.

Kuna mtego mwingine ambao vitabu vya mbinu za utafiti havikuonyi. Ofisa mstaafu hudhani ana bahati kwa sababu askari wake wa zamani watakubali kuhojiwa. Watakubali, ndiyo. Watakuja kwa wakati, wamechana nywele, watakaa wima kwenye kiti, na watakwambia kile wanachodhani afande anataka kusikia. Nimesikiliza rekodi za namna hiyo: kila jibu linaanza na "ndiyo afande", na hakuna aliyewahi kuogopa wala kukosa chakula. Ukitaka kuhoji askari, tafuta waliokuwa vikosi vingine ambao hawajawahi kukupigia saluti, au mpe kazi hiyo msaidizi kijana, ikiwezekana raia, na wewe usiwemo chumbani. Fomu ya ridhaa pekee haitoshi. Mtu aliyezoea kukutii hajui kukukatalia hata kama karatasi inamwambia anaruhusiwa.

Darasani nako, hadithi za vita zitakupa utulivu wa haraka kuliko slaidi yoyote. Zitumie kwa kibaba. Kilima kimoja katika vita moja hakithibitishi kitu kuhusu vita kwa ujumla. Mwanahistoria Mwingereza Michael Howard alipigana Italia na kupata nishani ya Military Cross kwa ushujaa wake Salerno mwaka 1943, kisha akaanzisha idara ya masomo ya vita King's College London. Alisisitiza kwamba historia ya vita isomwe kwa upana, kwa kina na katika muktadha wake. Aliishi hadi umri wa miaka 97, na kilichomjengea jina kama msomi hakikuwa simulizi za Salerno.

Na utabishiwa. Atasimama mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti ambaye hajawahi kushika bunduki, aseme, "Profesa, sikubaliani na wewe," na darasa zima ligeuke kukutazama. Mwili utataka kujibu kwa sauti ya gwaride. Mwulize ushahidi wake ni upi, kisha kaa kimya umsikilize mpaka amalize. Jeshini mjadala unafungwa kwa uamuzi kwa sababu watu watakufa ukichelewa. Semina haina dharura hiyo, na hoja yake huenda ikawa ndiyo makala yako ijayo. Vikao vya idara ni vilevile, ila virefu zaidi na visivyo na binti huyo. Kwa hilo sina dawa.

La mwisho ni siri za kazi. Kiapo chako cha kutunza siri hakikomi siku unayorudisha sare stoo. Usitumie chochote ulichokijua kwa sababu ya nafasi yako mpaka ukipate kwenye chanzo kilicho wazi, na pale penye shaka omba kibali kwa maandishi, kisha uhifadhi nakala. Ni rahisi zaidi kuchagua kipindi ambacho nyaraka zake zimeshafunguliwa. Nchi nyingi zina kanuni ya muda ambao nyaraka hukaa zimefungwa. Uingereza, kwa mfano, ilikuwa na miaka 30 na ikaamua kuipunguza hadi 20. Ulizia hifadhi ya nyaraka ya nchi yako inafuata kanuni ipi, na ufanye hivyo kabla ya kuandika pendekezo, maana kumpata msimamizi aliyekubali mada ambayo makabrasha yake bado yamefungwa ni kupoteza mwaka mzima.