Fomu ya baraza usiilalie chini ya godoro

Jamani mie sio wakili, niseme mapema, ila nimezunguka na mdogo wangu kwenye kesi yake ya talaka hapa Tanga mpaka kandambili zimekwisha soli, ndo maana sasa kila shoga akigombana na mumewe simu inaita kwangu.

Wengi wanakosea hapa. Mume kashatoa talaka mbele ya shehe, basi mtu anaona yamekwisha. Hayajaisha. Kuvunja ndoa kisheria na kugawana mali ni mahakamani, na huko hawakupokei mpaka upite baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la Bakwata kwa sie Waislamu, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa Fomu Namba 3 (kama mume katoroka na hujui alipo, hilo la baraza unasamehewa). Sasa mdogo wangu fomu kaipata, kaiweka chini ya godoro, moyo unamwambia mume atarudi tu, si unajua tena mapenzi, mwezi wa nane mwanaume kaoa Pongwe. Ndo tunakwenda mahakamani mbio mbio, karani anaangalia tarehe anatikisa kichwa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ufungue shauri ndani ya miezi 6 tangu upewe ile fomu. Tukarudi barazani kuanza upya, aibu yangu mie niliyejifanya mjuaji.

Halafu mume kaja na wakili wake, eti huyu atatusimamia wote wawili tupunguze gharama. Nikasema thubutu! Wakili mmoja hawezi kukutetea wewe na huyo unayedaiana naye nyumba, akikupa karatasi usisaini hata kama anacheka vizuri. Kama pesa huna tafuta watoa msaada wa kisheria, kuna sheria yao ya 2017, ni bure, ila wale wasaidizi wa kisheria wasio mawakili hawasimami mahakamani badala yako, wanakuelekeza na kukuandikia, kuongea unaongea mwenyewe.

Na usikubali kuambiwa hukuchangia kitu. Kupika, kufua na kulea ni mchango, Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ingawa bibi wa watu mwenyewe mwisho wake hakuambulia kitu.

Watoto sasa, hapo ndo roho ilituuma. Wifi mtu alishikilia kwamba wa kiume akitimiza miaka 7 ni wa baba, hana mjadala. Si kweli. Chini ya miaka 7 sheria inaanza na dhana kwamba ni vizuri akae na mama, na hata hiyo inaweza kupingwa, akishavuka hapo haendi kwa baba moja kwa moja, hakimu anaangalia maslahi ya mtoto. Afisa ustawi alikuja mpaka nyumbani, kaangalia wanalala wapi, shule iko wapi, yule mkubwa wa miaka 9 akaulizwa na yeye. Hata bibi anaweza kupewa mtoto, ila mpaka kuwe na sababu kubwa kweli.

Wakibaki kwako baba bado anatoa matunzo, na akituma kwa simu usifute meseji, itatakiwa siku akikana au akidai katoa. Mdogo wangu alikuwa kashafuta zote, za pesa na za matusi.