Makubadhi yamekuwa magumu kama ubao

SWALI: Shikamoo shangazi, nilinunua makubadhi hapa Ngamiani, fundi kaniambia ngozi yake imetengenezwa kwa magome ya miti, sasa juzi nimenyeshewa nayo nikayaanika juani yamekuwa magumu hayavaliki, nimetapeliwa au? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, hilo ni jua tu. Ngozi ya magome ikilowa inaanikwa kivulini taratibu, sasa chukua mafuta ya nazi kidogo kwenye kitambaa, paka, acha yalale, kesho rudia. Ukitaka kuhakikisha angalia ukingo pale ngozi ilipokatwa, ikiwa kahawia mpaka katikati ni dalili nzuri, ukiona kijivu cha kibuluu ndani basi hiyo ya kromu, yaani imetengenezwa kwa dawa ya kiwandani badala ya magome. Kromu kazi inaisha haraka, magome yanachukua wiki kadhaa ndo maana bei inapanda, usimbane sana fundi. Ila muulize magome ya mti gani, ya miwati kutoka Njombe sawa maana inapandwa, ya mkoko mie siyataki kabisa, tukiichuna mikoko yetu samaki na kamba wachanga watakulia wapi? Na mkanda ukichomoka mrudishie huyohuyo ashone, usitupe.